Sabuni langoni
Machi 16, 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, naye alikuwa hapa hapa Arusha; haukupita muda mrefu, gereza alimokuwa dada yangu, mahabusu mwenye mtoto anayenyonya, likazuia ndugu kuingia. Tukabaki kukabidhi vitu langoni. Askari wa kike aliukata mche wa sabuni vipande vipande kuhakikisha hakuna kilichofichwa ndani, akahesabu taulo za kike moja moja, kisha akaandika jina la dada kwenye mfuko. Baadaye dada alinisimulia kwamba vipande vile aligawana na wenzake, na kwamba katika chumba ambamo wanawake hulala wakigusana mabega, agizo la kuachiana nafasi ya mita moja lilikuwa, kusema kweli, mzaha. Aprili 26, Sikukuu ya Muungano, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 3,973, nasi tukashangilia bure, maana msamaha huwahusu waliohukumiwa, si mahabusu ambaye kesi yake inaahirishwa kila mara. Ilikuja kufutwa mwezi Agosti kwa kukosekana ushahidi, na mpaka leo hatujaelezwa kwa nini hilo halikuonekana tangu Machi.