Jina la Dakar, vumbi la Taita

Jumapili usiku, Februari 2023

Umeme umerudi saa tatu, feni inazunguka, lakini akili yangu bado iko barazani. Wiki ya tatu hii hatugusi mpira wala siasa. Kahawa ikishamiminwa, gumzo ni gari moja tu, Porsche 911 Dakar, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona kwa macho. Yatatengenezwa 2,500 kwa dunia nzima, basi. Na bahati mbaya (au nzuri, sijaamua) mwenzetu mmoja, yule wa vipuri, pesa za kulinunua anazo.

Lilizinduliwa Novemba mwaka jana, Los Angeles. Umbo ni lile lile la 911 tunalolijua, la mgongo wa chura, ila limepandishwa juu milimita 50, na ukibonyeza kitufe linajiinua 30 nyingine, hadi kutoka ardhini kunabaki uwazi wa milimita 191. Likiwa limejiinua vile linaweza kukimbia hadi kilomita 170 kwa saa. Injini ni ya lita 3 yenye turbo mbili, nguvu za farasi 480, na magurudumu yote manne yanavuta. Kasi yake ya mwisho ni 240 tu, kwa sababu limevishwa tairi za Pirelli za njia mbovu na tairi hizo haziruhusu zaidi. Eti tu! Viti ni viwili, vya nyuma vimeng'olewa. Gia ni otomatiki, ya mkono haipo, na hilo fundi wetu hajalisamehe mpaka leo. Kila likitajwa anatikisa kichwa kama aliyepewa habari za msiba.

Mimi kinachoniuma ni jina.

Mwishoni mwa 2020 Porsche walitoa hadharani gari walilolibuni 2012 na kulificha, wakaliita Vision Safari. Baadaye picha za magari ya majaribio zilipoanza kuvuja, yamefunikwa karatasi za madoadoa, kila mpenzi wa magari duniani alikuwa akisema 911 Safari. Sisi hapa Mombasa tukavimba vichwa, maana Safari ni jina la mbio zetu za magari za Afrika Mashariki, zile zilizokuwa zikifanyika Pasaka. Tukaona letu limefika. Siku ya uzinduzi pazia likavutwa, jina likawa Dakar.

Sababu yao naielewa. Mwaka 1984 René Metge aliwashindia mbio za jangwani za Paris–Dakar kwa 911 iliyovuta magurudumu manne, na mtu hujisifia pale aliposhinda. Kwetu, kwenye Safari, hawakushinda. Sobiesław Zasada, yule Mpolandi, alimaliza wa tano 1971, mwaka uliofuata akawa wa pili. Mwaka 1974 Björn Waldegård akawa wa pili nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake ndogo. Mwaka 1978 wakaja na 911 SC mbili zenye mistari ya mdhamini wao Martini, zimeinuliwa kama ngamia, mvua ikanyesha Pasaka ile kama ilivyotumwa, na Vic Preston Mdogo, mtoto wa Kenya, akawa wa pili. Waldegård wa nne. Wa kwanza alikuwa Jean-Pierre Nicolas, na gari lake Peugeot 504. Mbio za magari ya zamani zilipoanzishwa baadaye, Waldegård alirudi na 911 akashinda 2011, akiwa na miaka 68. Nilifurahi, lakini hiyo haifuti ile.

Sasa angalia ujanja. Mwezi uliopita wametangaza mapambo matatu ya hiari ya kulivisha gari hili, na mapambo yenyewe yanakumbuka miaka ya 1971, 1974 na 1978. Yote ni ya Safari! Jina wamempa Dakar, nguo wamezitoa kwenye kabati letu.

Nimejaribu kumweleza mwenzetu kwa nini jambo hili linanikera na akacheka. Yeye hakuwahi kusimama pale. Mimi mwanzoni mwa miaka ya 80 baba alitupakia kwenye Peugeot 504 yake, watoto sita na sufuria ya pilau, tukaenda Taita siku ya Pasaka kuyaona magari yakipita. Tulingoja tangu alfajiri. Kwanza unasikia mlio mbali, kama nyuki ndani ya chupa, halafu helikopta, halafu wanakijiji wanaanza kupiga miluzi. Datsun ikapita. Baba akapiga kelele "Mehta huyo! Mehta!" na kabla sijamwona huyo dereva Mehta tulikuwa tumemezwa na vumbi jekundu, pilau na watu pamoja. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Tulirudi nyumbani tunachekana nyusi. Njia nzima baba akasimulia tena jinsi gari "kama hili letu" lilivyowashinda Wajerumani 1978, ingawa lile lilikuwa la milango miwili lenye silinda sita na letu lilikuwa likipanda mlima kwa dua.

Basi mwenzetu wa vipuri ananitaka mimi nimfanyie hesabu, kwa kuwa kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, na magari yamepita mikononi mwangu zaidi ya mwaka wa ishirini huu. Nimeifanya kwa penseli, nyuma ya bahasha. Bei iliyotangazwa Ujerumani ni euro 222,020, kodi yao ikiwa ndani. Hata ukiitoa kodi yao, chukua bei ya gari, bima na nauli ya meli, weka, kwa viwango vya Februari hii ya 2023, ushuru wa forodha asilimia 25. Juu ya jumla hiyo weka ushuru wa bidhaa asilimia 25. Juu ya vyote VAT asilimia 16. Kisha ada ya uagizaji asilimia 3.5 na tozo ya reli 2. Kila shilingi 100 iliyoingia melini inatoka getini ikiwa karibu 187. Tunazungumzia zaidi ya shilingi milioni 40, na hapo hujachagua hata rangi.

Kuna kitu kimoja kilinichekesha peke yangu ofisini. Injini ile ina ujazo wa sentimita 2,981. Ingevuka 3,000, ushuru wa bidhaa ungeruka hadi asilimia 35. Sentimita 19 zimemwokolea mamilioni. Nilipompigia kumwambia alifurahi kuliko nilivyomwambia kuhusu farasi 480.

Halafu kuna foleni. Muuzaji mmoja aliyempigia huko nje hakumuuliza ana pesa ngapi. Alimuuliza ameshanunua kwao magari mangapi. Jamaa yetu, mtu ambaye nusu ya daladala na matatu za pwani zinatembea kwa vipuri vyake, akakosa la kujibu. Siku hiyo alikunywa kahawa kimya. Nadhani ndipo alipoanza kulitaka kwelikweli. Kabla ya hapo yalikuwa maneno ya barazani.

Barazani maoni yamegawanyika vibaya. Mdogo wake anasema lichukuliwe, lifunikwe turubai, baada ya miaka mitano liuzwe kwa faida, kama kiwanja. Fundi anauliza jambo moja tu: tairi ya nyuma ni 295/40 ya inchi 20, ukipasukiwa Mariakani usiku utampelekea fundi pancha gani? Mwalimu mstaafu anaona milioni 40 ni madarasa. Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyeacha kuzungumzia gari. Shemeji, mke wa mwenye pesa, alipitisha kichwa mlangoni akauliza, "Na mtaliendesha wapi?" Mumewe akasema Tsavo. Shemeji akacheka mpaka sinia la mahamri likayumba.

Mimi ninalopinga ni la mdogo mtu. Gari lililoinuliwa, likawekewa bamba za chuma cha pua za kulikinga na mawe, likapewa moja kwa moja mpangilio wa kuendeshea mchangani, halafu likae chini ya turubai Nyali? Afadhali alinunue mtu mwingine. Ila nakiri, ningekuwa mimi na funguo mkononi, sijui kama kokoto ya kwanza ikigonga mlango ningeendelea mbele au ningeshuka kupapasa.

Jumatano likazuka la Muscat. Binamu yake anaishi huko na ameambiwa nafasi inaweza kupatikana. Ushuru wa Oman ni asilimia 5, VAT yao 5. Bahasha yangu ikawa nyepesi ghafla. Lakini magari ya Oman usukani uko kushoto, na Kenya hatuyasajili hayo. Nikamwambia wazi: "Sheikh wangu, ukiliandikisha Muscat litaishi Muscat. Kwangu halipiti, hata tukiwa ndugu." Akanyamaza kitambo. Akauliza tiketi ya kwenda Muscat ni kiasi gani. Nikajua ameshaondoka.

Na tukisema kweli, huko ndiko litakakofurahi. Mchanga wa Wahiba hauna matuta ya lami wala malori ya Mombasa Road. Njia ya kupanda Jebel Akhdar, polisi huwarudisha wenye gari lisilovuta magurudumu manne. Hili linavuta, ingawa natamani kuiona sura ya askari akilikagua. Ila vumbi la kule si jekundu.

Leo baada ya Isha amenitumia picha ya fomu. Arbuni ameshatoa. Mistari ya 1978 ameiacha, amechagua nyeupe na buluu, ile ambayo mwenyewe unachagua nambari ya kuandikwa mlangoni, yoyote kati ya 1 na 999. Akaandika: "Wewe ndiye uliyenisumbua na historia. Nipe nambari."

Sikufikiri sana. Nikamwandikia 504.

Alama mbili za buluu zimetokea, amesoma. Ni dakika arobaini sasa hajajibu, na naona kila mara kwamba anaandika, anafuta.