Daktari aliyekosa usingizi

Fenobabitoni haina heshima. Ni kidonge kidogo cheupe cha bei nafuu, tunakitoa siku za kliniki ya kifafa, na sijawahi kuona mtu akiulizia kilikotoka. Lakini mimi ninayekaa dirisha la dawa, kisa chake kimenishika.

Mwaka 1864 mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza asidi ya babituri, kemikali ambayo fenobabitoni ilitokana nayo. Haikumlaza mtu yeyote. Ikapita karibu miaka 40 ndipo daktari Joseph von Mering akahisi kwamba ikiongezewa ethili (kipande kidogo cha kaboni na haidrojeni) italeta usingizi. Mkemia Emil Fischer akaitengeneza, wakajaribia mbwa, mbwa wakalala fofofo. Mwaka 1904 ikaingia sokoni kwa jina la Veronal.

Ilipokelewa kwa mikono miwili, maana wasiopata usingizi walikuwa wakinywa klorali, dawa yenye harufu kali na ladha ya kukera. Veronal ilikuwa na uchungu kidogo tu. Ubaya wake ulionekana baadaye: hutoka mwilini polepole, mtu anaamka bado mzito, ukiizoea, kuiacha ni shida, na kutoka dozi ya kulaza hadi dozi ya kuua si mbali.

Mwaka 1912 kampuni ya Bayer ikatoa Luminal, ndiyo hii fenobabitoni yetu. Alfred Hauptmann alikuwa daktari kijana mjini Freiburg. Inasimuliwa kwamba chumba chake kilikuwa juu ya wodi ya wagonjwa wa kifafa, na kila walipoanguka usiku naye usingizi ulimruka. Akawapa Luminal walale (na yeye alale, tusifichane). Kumbe kuanguka kukapungua, tena hata mchana! Akaandika matokeo yake mwaka uleule. Aliyewahi kushika zamu ya usiku wodini atamwelewa.

Karibu nusu karne baadaye, Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norwei, aliitumia dawa hiyohiyo Mahenge, Tanzania, kwa watu wenye kifafa waliokuwa wakitengwa, wengine wakiwa na makovu ya kuangukia motoni.

Juzi mama mmoja akanilalamikia: "Kaka, mwanangu anasinzia mpaka darasani. Si bora niache kumpa?" Nikamwambia, hapana mama, ukiikata ghafla kifafa kinaweza kurudi kikali kuliko mwanzo. Nikamrudisha kwa daktari, dozi ikapunguzwa kidogo, na yote ikahamishiwa usiku.