Mashine yangu ya kuediti niliiunga mwenyewe, ya shangazi nikainunua dukani

Machi 2024, Alhamisi, umeme wa mtaani kwetu Mbagala ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili kompyuta yangu haikuwaka. Ilikuwa Dell OptiPlex 7050, ile nyembamba, niliyoinunua mtumba Kariakoo kwa shilingi 480,000. Ndani yake mlikuwa na video za harusi mbili na sendofu moja nilizokuwa naziediti, na mama wa bi harusi wa kwanza alikuwa ameshanipigia simu mara mbili wiki hiyo.

Kilichokuwa kimekufa ni pawa saplai peke yake, lile boksi la ndani linaloipa kompyuta umeme. Kwa kompyuta ya umbo la kawaida ningeingia duka lolote la vipuri na kutoka na nyingine siku hiyo hiyo. Lakini ya OptiPlex nyembamba ina umbo lake, ni ya wati 180, na plagi yake siyo ile ya pini 24 iliyozoeleka madukani. Nilizunguka siku nne, mpaka fundi mmoja akanichomolea ya mashine nyingine iliyoharibika. Harusi ya watu ikachelewa. Yule mama hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, sisi tulikuamini."

Sina ugomvi na ile mashine. Imenilisha miaka mitatu. Ila ilitengenezwa kwa ajili ya karani wa ofisini, mtu wa barua na hesabu, na mimi nilikuwa naibebesha video za saa sita. Hata kadi ya grafiki, ile ya kushughulikia picha, inayoingia humo ni ile fupi tu, na wati 180 haziruhusu kitu kikubwa.

Basi nikaanza kuhesabu hela. Duka moja la mjini lilikuwa na mashine imeshaungwa tayari, kioo ubavuni, taa za rangi, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX 4060, bei 3,200,000. Muuzaji akaniambia, "Dada'angu, hii haishindwi na kazi yoyote." Nikaipenda, sitaficha. Ila kabla ya kutoa hela nilienda kwa kaka mmoja tunayepiga naye harusi, mwenye mashine ya aina hiyo hiyo. Nilibeba flashi yenye vipande vya kamera yangu, Canon R6, vya H.265 biti 10, 4:2:2, yaani namna kamera inavyobana video na kutunza rangi. Tukaviweka kwenye Premiere, programu ya kuediti. Bi harusi alikuwa anashuka kwenye gari, na kila hatua yake ilikuwa inakwama. Prosesa imefika asilimia mia, na ile kadi ya gharama imekaa haina kazi.

Hapa ndipo ningependa wenzangu wa video wasimame kidogo. Kamera inapobana video kwa H.265, kompyuta inabidi iifungue upya kila unapoicheza. Mashine nyingi zina sehemu maalumu ya kazi hiyo kwenye kadi au kwenye prosesa. Sasa hiyo 4:2:2, ambayo ndiyo inayotunza rangi ya ngozi na shela jeupe unaposahihisha rangi, kadi za NVIDIA za mfululizo wa 40 haziifungui. Mfululizo wa 50, uliotoka 2025, ndio umeanza. Lakini ile grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa ya kawaida ya Intel Core i5-12400, ambayo watu wa gemu hata hawaitazami, inaifungua vizuri kabisa. Prosesa yenyewe haikufika nusu milioni! Wala hakukuwa na mashine mpya ya dukani iliyokuwa na hiyo pamoja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na nafasi ya kuhifadhi ninayoihitaji, kwa hela niliyokuwa nayo.

Nikaamua kuunga. Prosesa 420,000, mazabodi (ubao mkuu unaobeba vyote) ya B660 310,000, RAM GB 32 kwa 200,000, SSD (diski ya kasi) ya TB 1 180,000, diski ya TB 4 ya kuhifadhia 280,000. Pawa saplai ya wati 550, umbo la kawaida kabisa, 150,000. Kasha lenye matundu mbele, maana chumba changu Januari ni tanuri, 120,000, na feni ya prosesa 65,000. Jumla 1,725,000. Kadi ya grafiki nikaiacha isubiri msimu mwingine wa harusi.

Sikununua vyote duka moja, na nusura nilizwe. Prosesa nilikabidhiwa boksi likiwa limefungwa, nikalipa, nikaondoka. Nikiwa kituoni nasubiri gari nikamulika tochi ya simu kwenye ubavu wa boksi: 12400F. Herufi moja. F maana yake haina grafiki ndani, yaani kile kitu chenyewe nilichokuwa nakifuata. Nikarudi mbio. Kijana wa dukani akashikilia kwamba F ni ya fasta. Nilikataa kutoka mpaka akaleta nyingine, nikamwongeza 40,000. Jamani, someni boksi mbele ya muuzaji, herufi kwa herufi, kabla hela haijatoka mkononi.

Kuunga kwenyewe kulinichukua Jumamosi nzima, bisibisi moja na kitambaa cha khanga mezani. Ile soketi ya prosesa ndiyo iliyonitoa jasho. Vipini vyake ni vyembamba kuliko unywele, na ukivipinda mazabodi imekwenda. Nilishika pumzi, nikailaza prosesa bila kuisukuma, nikashusha kile chuma. Kinatoa mlio wa kukwaruza ambao unakufanya udhani umevunja kitu. Kumbe ndivyo kilivyo.

Saa mbili usiku nikawasha. Feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Nilikagua RAM mara tatu kabla sijaona waya wa pini 8 unaopeleka umeme kwenye prosesa ukining'inia kwenye kona ya juu, haujachomekwa. Nikauchomeka. Skrini ikaleta maandishi meupe na mimi nikalia machozi.

Siku ya pili nilifungua vile vipande vya bi harusi na gari. Alishuka mpaka chini bila kukwama. Na safari hii UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ilikuja kabla ya kitu kingine chochote.

Oktoba 2025 shangazi, mwenye stesheneri, akaja kuniona. Muda wa Windows 10 ulikuwa unaisha tarehe 14, na akataka nimuungie naye kama yangu. Nikamwambia, "Shangazi, wewe hapana." Kazi yake ni kuchapa, fotokopi na kujaza fomu za watu mtandaoni. Kwake ikiharibika saa tano asubuhi anataka mtu mmoja wa kumpelekea, siyo risiti nane za maduka matano. Bei ya RAM nayo ilikuwa imeanza kupanda. Tulienda Kariakoo tukachukua HP EliteDesk 800 G4 ya mtumba, kwa sababu ina prosesa ya kizazi cha 8 na Windows 11 inaikubali. Nilimkatalia moja ya kizazi cha 7 iliyokuwa nafuu kwa 90,000. Tukaandikiana na muuzaji dhamana ya miezi sita, na pawa saplai ya akiba ya mfano huo huo nikamnunulia pale pale, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Iko kwenye droo yake, chini ya rimu za karatasi.