Picha juu ya rafu

Mimi ni mtu wa kukabwa na jinamizi tangu ujana. Macho yanafunguka, chumba nakiona, lakini mkono hauinuki na kifuani kuna uzito kana kwamba mtu amenikalia. Sababu yake inajulikana: tunapoota, ubongo huizima misuli ili tusiitekeleze ndoto kwa mateke na ngumi, na wakati mwingine fahamu huamka kabla ya misuli. Mara chache, katikati ya hali hiyo, najikuta naelea karibu na dari, nakitazama kitanda changu.

Nikimsimulia rafiki yangu daktari, hunijibu kwa kisa cha Geneva. Mwaka 2002 daktari wa ubongo Olaf Blanke na wenzake walieleza habari za mwanamke mwenye kifafa aliyepitishiwa umeme kidogo upande wa kulia wa ubongo. Kwanza alihisi anadidimia kitandani. Umeme ulipoongezwa, akajiona kutoka juu, ila aliona miguu na sehemu ya chini ya kiwiliwili tu. “Basi,” husema daktari, “ni ubongo tu, hakuna anayetoka mwilini; kesi imekwisha.”

Haijaisha. Umeme huohuo ukigusa sehemu ya nyuma ya ubongo, mtu huona mimweko ya mwanga, na hakuna anayehitimisha kwamba mwanga haupo duniani. Kila ninachokiona kinapitia ubongoni, cha kweli na cha uongo. Kwa hiyo kunionyesha mahali kinapopitia hakutoshi kuniambia ni kipi kati ya hivyo viwili.

Wale wa upande wa pili nao, wanaosema “niliona wazi kuliko mchana, hivyo ni kweli”, siwaungi mkono. Mimi huona wazi kabisa. Tatizo ni kwamba nikiwa kule juu dirisha huwa kwenye ukuta usio wake, na juu ya kabati kuna sanduku nililokwisha kulitupa zamani!

Ndiyo maana nampenda Sam Parnia, daktari anayechunguza wanachokipitia watu mioyo yao inaposimama, hata kama matokeo yake hayakumfurahisha mtu yeyote. Timu yake ilifunga rafu karibu na dari katika vyumba vya hospitali, juu yake wakaweka picha ambazo aliyelala kitandani hawezi kuziona. Katika ripoti ya mwaka 2014, mioyo ilikuwa imesimama mara 2,060, na wagonjwa 140 walionusurika wakahojiwa. Wawili walisema waliona na kusikia yaliyokuwa yakitendeka, na maelezo ya mmoja yakalingana na matukio. Lakini wote wawili walikuwa kwenye vyumba visivyo na rafu. Nilicheka kwa uchungu niliposoma hapo.

Tuseme picha ingeonekana. Tungejua kwamba habari ilimfikia mgonjwa, basi. Mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza mwaka 1974 kuwa popo kukoje kwa popo mwenyewe, na rafu haifiki huko. Huko utafika kwa kumuuliza mhusika, tena mapema, kabla kumbukumbu haijajipamba.

Kwa sababu hiyo majaribio ya mwaka 2007 yananivutia kuliko visa vya kufa na kurudi. Mtu mzima wa afya huvishwa miwani ya video, anatazama mgongo wake mwenyewe mbele yake ukipapaswa huku akipapaswa kweli, na hisia ya “mimi” huanza kusogea kuelekea ile picha. Yuko macho, anaongea, na mpapaso ukipoteza ulinganifu, hisia hufifia. Ningejitolea kesho, na daktari namkaribisha awe ndiye anayeuliza maswali.