Ziwa kwanza, mahame baadaye: siku moja Cathedral Lake na Ashcroft

Ukitoka Aspen, Colorado, kwa barabara ya Castle Creek, baada ya kilomita 18 hivi unakutana na Ashcroft, mji wa wachimba madini ya fedha uliohamwa. Wengi husimama hapo kwanza, wakapiga picha, wakaanza kupanda kwenda Cathedral Lake jua likiwa tayari kali. Mimi hupita bila kusimama. Julai na Agosti mawingu hujikusanya kuanzia saa tano asubuhi, na mchana radi huanza. Ziwa liko juu kuliko miti inavyoota, huna pa kujibanza. Mahame yako bondeni, na gari liko karibu.

Saa kumi na mbili asubuhi nakuwa mwanzo wa njia. Kama kilomita moja na nusu mbele ya Ashcroft unapinda kulia, unashika barabara ya vumbi fupi yenye mashimo. Gari dogo hufika, ila kwa gia ya kwanza, ukikwepa mawe yasigonge chini. Pa kuegesha ni padogo, na Jumamosi hujaa mapema.

Njia huanzia kwenye mita 3,000 hivi, ziwa liko mita 3,617. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, unaanza juu ya kambi ya Mandara (mita 2,720) na kuishia chini kidogo ya kambi ya Horombo (mita 3,720). Kule unapewa siku nzima kwa kipande hicho, tena baada ya kulala njiani. Hapa ni saa mbili na nusu, na pengine jana yake ulikuwa Denver kwenye mita 1,600, mwili haujazoea hewa nyepesi ya juu. Kwa hiyo nalala Aspen (mita 2,400) angalau usiku mmoja, na pombe siigusi. Kichwa kikiuma peke yake, napumzika na kunywa maji. Kikija na kichefuchefu au kuyumbayumba, nashuka, hata kama ziwa limebaki dakika ishirini.

Kwenda ni kilomita 5 hivi. Kosa kubwa hufanyika mwanzoni kabisa, kwenye kivuli cha miti ya aspeni: miguu bado ina nguvu, watu wanakimbia, na mlima ni mkali papo hapo. Kipimo changu ni kuweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Kisha njia inafuata kijito cha Pine Creek, bonde linafunguka, na karibu na mwisho zinakuja kona za zigizaga juu ya changarawe inayoteleza. Usikate kona: jiwe unalolisukuma kwa mguu linamfuata aliye chini yako. Juni theluji huwa bado imelala hapo, na bila fimbo mbili heri kusubiri Julai. Juu kuna njia panda: kulia ni Electric Pass, yaani Pito la Umeme, kushoto ziwani. (Hilo la kulia halikuitwa la umeme bure.)

Nabeba maji lita 3, koti la mvua, sweta, kofia na chai kwenye chupa. Kwa hewa nyepesi ya juu, paketi ya krispi huvimba ikawa ngumu kama mpira, kwa hiyo itoboe kabla haijapasukia mkobani. Maji ya ziwa ni maangavu na yanatamanisha, lakini giardia, kimelea kinacholeta kuhara, haionekani kwa macho. Yachuje au yachemshe. Keti nyuma ya jiwe kubwa, maana upepo hukausha jasho na baridi huingia ghafla. Saa nne na nusu naanza kushuka.

Ashcroft ilianza 1880. Kufikia 1883 ilikuwa na watu wapatao 2,000, magazeti mawili na baa 20. Mwaka 1885 walibaki kama 100 wakati wa kiangazi, na hazina ya mji ilikuwa na dola 5.60. Fedha ya karibu na uso wa ardhi iliisha, watu wakahamia Aspen, ambako reli ilifika 1887. Mkazi wa mwisho, Jack Leahy, alifariki 1939. Tazama hoteli ya ghorofa mbili, na pembe za vibanda ambako magogo yamechongwa yakaumana. Usiegemee kuta, wala usiokote misumari. Nusu saa hadi saa nzima inatosha.

Kurudi Aspen ni mteremko mtupu: weka gia ya chini, usikanyage breki mfululizo, na waangalie waendesha baiskeli kwenye kona.