Siku yangu moja: kuwatembeza wanafunzi katika Nairobi ya tauni

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana imeniamsha. Nakaa Majengo, Pumwani, kwenye nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na choo kimoja cha wapangaji wote. Leo mimi ni wa tatu kwenye foleni, na aliye ndani anaimba. Mtu akianza kuimba chooni, wewe weka ndoo chini usubiri.

Saa mbili. Kazi yangu ni kuwatembeza watu mjini kwa miguu. Kundi la leo ni wanafunzi wa afya ya umma, na tunakutana mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Naanza na ardhi tuliyosimama. Reli ilipofika hapa Mei 1899, palikuwa na kinamasi na mto ambao Wamaasai waliuita wa maji baridi, na jina hilo ndilo likawa la mji. Waliopachagua walikuwa watu wa reli. Walitaka tambarare ya kuweka karakana na mabehewa kabla ya kuanza kupanda milima. Swali la maji taka yataelekea wapi liliachiwa watakaokuja kuishi.

Saa tatu na nusu. Mtaa wa Biashara, zamani Bazaar Street. Hapa huwa sina haraka. Wauzaji wa kanga na nguo za watoto wachanga wamenizoea, mmoja hunipa kigoda.

Nawaambia wafikirie bazaa ya Wahindi ya mwaka 1902: duka mbele, kitanda nyuma, magunia ya nafaka katikati, kuta za mabati na mbao, mvua ikinyesha uchafu hauna pa kwenda. Panya angetaka nini zaidi? Mji huu ulikuwa na daktari Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India, Rosendo Ribeiro, aliyekwenda kuwaona wagonjwa akiwa amepanda punda milia. (Ndiyo, punda milia. Kila kundi hunifanya nirudie mara mbili.) Ndiye anayetajwa kuwa aliitambua tauni, ile homa inayokuja na mitoki, uvimbe wa kinenani na kwapani. Serikali ikaamuru bazaa ichomwe moto.

"Na panya?" akauliza kijana mmoja.

Hilo ndilo swali ninalolisubiri kila mara. Moto ukiwaka, panya ndiye wa kwanza kuhama, na viroboto wake mgongoni. Tangu 1898 Mfaransa Simond alikuwa ameshasema kwamba kiroboto ndiye anayeupitisha ugonjwa kutoka kwa panya, lakini wakubwa wengi wa tiba walikuwa hawajamwamini. Kwa hiyo wenye maduka walipoteza paa na mali, na tauni ikarudi Nairobi zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata.

Saa tano. Bustani ya Jeevanjee, chini ya mti, wengine wameshavua viatu. Nawasimulia kuhusu Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kutoka Uingereza mwaka 1913 kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki. Ushauri wake: Wazungu wakae kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na kati yao uachwe uwanda mtupu. Sababu aliyoiandika ni afya.

Kimya. Kisha msichana mmoja wa nyuma, akiikumbuka hati ambayo wakoloni waliwalazimisha Waafrika kuibeba: "Kwani kiroboto alikuwa na kipande?"

Nimeliiba swali hilo. Kundi lijalo litalisikia kana kwamba ni langu.

Saa saba. Chapati madondo kibandani. Mhadhiri wao amelipa, Mungu ambariki.

Saa nane na nusu. Matatu hadi Pumwani, tukipita Kariokor, jina lililobaki kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka ya 1920 wakazi wa vijiji vya Waafrika vya hapa Nairobi, kama Mombasa, Maskini na Kaburini, waliletwa huku. Kijiji kingine, Pangani, kilishikilia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 ndipo kikabomolewa. Serikali ilitoa kiwanja, nyumba ukajijengea: fito, udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Kisha wakaja wakaguzi kulalamika kwamba nyumba ni duni. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, jambo ambalo wanafunzi huwa hawalitarajii.

Tunaingia kwa bibi mmoja anayenijua tangu nikiwa mtoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kupima choo?"

Wote wakacheka, yeye hakucheka. Katika maisha yake, kila aliyekuja na daftari alipima choo, akaandika, akaenda. Yule msichana wa kiroboto akachuchumaa kwenye mtaro wa uani, akamwaga maji kikombe kimoja akayatazama. Yalisimama. Mteremko unaelekea jikoni, akasema, fundi aliukosea. Bibi akamwambia fundi alikuwa mumewe, arehemiwe, na yeye alimwambia hivyo hivyo siku ile ile.

Saa kumi na moja. Mabasi, kuagana, malipo kwa simu.

Saa mbili usiku. Niko ukumbini na sahani ya wali. Panya amekatiza kutoka chumba cha tatu hadi cha nne, bila haraka. Jirani amemrushia kandambili, akamkosa, sasa anaitafuta kandambili.