Kofia za mashine ya duara: nilivyokomesha vitanzi kudondoka

Mashine ya kufumia ya duara, ile ya kuzungusha kwa mkono yenye sindano 48, hutoa kofia ya baridi chapuchapu. Yangu ilikuwa ikiacha vitanzi, kofia inatoka na ngazi, yaani mistari ya nyuzi zilizofumuka, juu hadi chini.

Sindano zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kwenye uzi: kila bonge liliporuka, uzi ulikaza ghafla na sindano iliyokuwa zamu haikuunasa. Nikalikunja bonge upya, legevu, uzi utokee katikati, nikaupitisha kwenye kishikio chenye mkazo mdogo. Ngazi zikaisha, isipokuwa mzunguko wa kwanza. Huo una mambo yake: uzi upite mbele ya sindano moja, nyuma ya inayofuata, na mpini uzungushwe polepole mno. Uzi mnene usihangaike nao. Mashine hizi hukwama.

Sasa nafuma bomba la mizunguko 110 hivi, napitisha uzi kwenye vitanzi vya kila ncha na kuukaza, kisha nusu moja naisukumia ndani ya nyingine. Inakuwa kofia ya tabaka mbili. Kitanzi kikiponyoka, nakipandisha kwa sindano ya kroshia kabla sijafunga ncha.